Maji Yaingiayo na Maji Yatokayo

Mitambo miwili mikubwa inayoipatia Dar es Salaam maji, Ruvu Juu ulioko Mlandizi na Ruvu Chini ulioko upande wa Bagamoyo, ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku: milioni 196 kutoka wa juu na milioni 270 kutoka wa chini. Kuipanua mitambo hiyo ni miongoni mwa kazi kubwa zilizofanyika kwa ajili ya mkoa katika kizazi hiki, na nyumba nyingi zilizokuwa zikinunua maji kwa madumu sasa zina bomba uani. Lakini maji hayaishi yanapotumika. Wahandisi wanapopanga mtandao wa majitaka huhesabu kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ndani ya nyumba hutoka tena yakiwa machafu, kutoka chooni, bafuni, jikoni na kwenye beseni la kufulia. Hata tukisema kwamba ni nusu tu ya maji ya Ruvu inayomfikia mteja na nyingine yote huvuja njiani, bado majitaka yanayozaliwa kila siku yanakaribia lita milioni 190. Mabomba ya majitaka yanahudumia takriban mtu mmoja kati ya kumi. Swali linalobebwa na sura hii ni dogo kulitaja na kubwa kulijibu: hayo mengine yanakwenda wapi, na nani anayawajibikia?

Tuanze na hao wachache wenye mabomba, kwa sababu mfumo wao unafundisha mengi. Majitaka ya katikati ya mji husukumwa baharini kwa bomba refu karibu na barabara ya Ocean, bila kuchakatwa. Maeneo mengine yaliyounganishwa hupeleka majitaka yao kwenye mabwawa: Kurasini na Buguruni, Vingunguti, Mabibo, Lugalo na Chuo Kikuu. Mgeni anayepita kando ya bwawa la majitaka huziba pua na kudhani anaona dimbwi lililosahaulika. Kwa hakika anatazama mtambo unaofanya kazi bila umeme, bila dawa na bila mashine inayoharibika. Bwawa la kwanza huwa na kina cha mita mbili hadi tano. Humo uchafu mzito hutua chini na kuliwa na vijidudu wasiohitaji hewa, na joto la pwani yetu, ambalo kwa wastani wa mwaka ni nyuzi 26 hivi, huwapa vijidudu hao kasi ambayo mhandisi wa nchi baridi angeilipia kwa umeme. Katika nyuzi 25 tu, bwawa hili likiwa limejengwa vema huondoa takriban asilimia 70 ya uchafu unaooza. Bwawa la pili ni la kina cha mita moja na nusu hivi, nalo ni la kijani kwa sababu ya mwani. Mwani hutoa oksijeni mchana, na oksijeni hiyo huwalisha vijidudu wa aina nyingine wanaomalizia kazi. Mabwawa ya mwisho huwa na kina kifupi zaidi, na humo jua na muda huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, huku mayai ya minyoo yakiwa yamekwisha zama katika mabwawa yaliyotangulia. Duncan Mara, mhandisi Mwingereza aliyewahi kufundisha Nairobi, alitumia maisha yake ya kitaaluma kuonyesha kwamba katika nchi za joto hakuna njia rahisi na ya uhakika zaidi ya kuua vimelea. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Jamidu Katima na Karoli Njau, waliongeza hatua nyingine kwa kupitisha maji ya mabwawa katika vitalu vya kokoto vilivyopandwa matete. Ujuzi tunao, tena tunao nyumbani.

Kinachoyashinda mabwawa ni tope. Bwawa la Vingunguti lilikusudiwa kupokea majitaka ya bombani, ambayo sehemu kubwa mno ni maji. Leo linapokea pia shehena za magari yanayonyonya vyoo vya mashimo na makaro, na tope la chooni huwa na uchafu mara kumi, pengine mara mia, kuliko majitaka ya bombani kwa ujazo uleule. Bwawa la kwanza hujaa haraka kuliko lilivyopimiwa, tope lisipochotwa kwa wakati huingia bwawa la pili, mwani hufa, na kinachomwagika mwishoni katika mto Msimbazi hakikidhi tena kiwango. Kiwango chenyewe kipo na kinafahamika: Shirika la Viwango Tanzania, katika TZS 860 ya mwaka 2005, linataka maji yanayorudishwa katika mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita ya kile kipimo cha uchafu unaooza ambacho maabara hukiita BOD. Kwa hiyo ukiona povu jeusi Vingunguti, usilihukumu bwawa. Limebebeshwa mzigo wa mji ambao haukuwahi kuupangia mzigo huo mahali pengine.

Mzigo huo unatoka pembezoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, Marion Jenkins, Oliver Cumming na Sandy Cairncross walizichunguza nyumba 662 katika mitaa 35 isiyopimwa ya Dar es Salaam, wakakuta kwamba asilimia 97 ya nyumba hizo zinatumia vyoo vya shimo. Shimo si choo kibaya kwa asili yake. Kijijini, palipo na nafasi na udongo mkavu, shimo likijaa hufukiwa na jingine huchimbwa hatua ishirini mbele, na baada ya miaka michache lililofukiwa huwa mbolea tu. Mbagala, Tandika, Tandale na Manzese hakuna hatua ishirini za kuchimba. Kuna uchochoro, ukuta wa jirani na wapangaji wa familia tano wanaotumia choo kimoja. Udongo wa sehemu kubwa ya Temeke ni mchanga usioshikamana, ndiyo maana kuta za mashimo hushikiliwa kwa matairi chakavu, mapipa au matofali, na lori likinyonya kwa nguvu, shimo lenyewe linaweza kubomoka. Maji ya ardhini nayo hupanda wakati wa masika, katika mabonde yakifika karibu kabisa na uso wa ardhi, na choo kinakuwa kisima. Na bomba jipya la maji limeongeza jambo ambalo halikutegemewa: mwenye nyumba akipata maji uani huweka choo cha kumwagia, na shimo lililokuwa likipokea kinyesi na maji ya kopo sasa linapokea ndoo baada ya ndoo.

Shimo likijaa, mwenye nyumba ana njia tatu. Anaweza kuita gari la majitaka, kama barabara inafika kwake na kama ana fedha ya safari nzima mkononi siku hiyo. Anaweza kuwaita vyura, vijana wanaoshuka shimoni na ndoo usiku na kuuhamishia uchafu kwenye shimo jingine lililochimbwa papo hapo uani. Au anaweza kungoja mvua kubwa na kukitapisha choo, yaani kutoboa tundu ukutani mwa shimo ili mafuriko yaondoke na kilichomo. Kila masika viongozi wa mitaa hukemea jambo hili, na wana haki ya kukemea, kwa kuwa uchafu huo hupita mlangoni kwa majirani, huingia visimani na humalizikia baharini. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kilianzia mkoani Dar es Salaam, katika Kinondoni, kisha kikaenea karibu nchi nzima. Hadi kilipotulia kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 20,000. Uchunguzi wa maji ya ardhini ya jiji umekuwa ukikuta naitreti nyingi katika visima vifupi vya maeneo yenye watu wengi, na naitreti ni alama inayoachwa na kinyesi kilichopita udongoni. Wapo wanaosema kwamba mchanga huyachuja maji. Huyachuja, ikiwa kati ya sakafu ya shimo na maji ya ardhini pana mita kadhaa za udongo mkavu na ikiwa kisima kiko mbali. Katika kiwanja chenye choo, kisima na vyumba sita, masharti yote mawili yamekwisha vunjwa.

Hoja yangu ni hii. Katika Kinondoni ya pembezoni na Temeke, mfumo wa majitaka wa mji ni shimo, lori na mahali lori linapomwaga. Huo ndio mtandao tulio nao, na utabaki kuwa mtandao wa watu wengi kwa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo unyonyaji wa vyoo unapaswa kuwa huduma ya umma, yenye ratiba, bei iliyogawanywa mwezi kwa mwezi na mahali halali pa kupeleka tope karibu na kila kundi la kata, sawasawa na tunavyoihesabu huduma ya majisafi. Mamlaka inayoyaleta maji majumbani ndiyo iwajibike pia kwa kinachotoka.

Ukubwa wa kazi hiyo unaweza kukadiriwa, na makadirio yanatia moyo kuliko wengi wanavyodhani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Tuwe wakarimu na tuseme kwamba milioni moja kati yao wana mabomba ya majitaka. Wanabaki watu milioni 4.4 hivi. Wabunifu wa vyoo hutumia kiasi cha lita 40 za tope kwa mtu mmoja kwa mwaka katika shimo lenye maji. Ukizidisha unapata lita milioni 176 kwa mwaka, au lita 480,000 hivi kwa siku, ambazo ni karibu magari mia moja ya lita 5,000 kila siku. Gari halinyonyi tope peke yake, hunyonya na maji, kwa hiyo idadi halisi ya safari itakuwa kubwa zaidi. Hata tukiizidisha mara tatu, bado ni kazi ambayo jiji lenye maelfu ya daladala linaweza kuipanga. Kampala imekwisha kuianza. Mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014 na shirika la taifa la maji la Uganda, ulijengwa kupokea mita za ujazo 400 za tope la vyoo kwa siku, kando ya majitaka ya bombani, na tope hukaushwa na kuchukuliwa na wakulima. Mita za ujazo 400 ni lita 400,000. Mji jirani ulijenga katika mahali pamoja uwezo unaokaribia hesabu yetu yote.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa watu ninaowaheshimu, wahandisi na wapangaji wa miji, nao husema: mji wa kisasa una mabomba, na kuwekeza kwenye mashimo ni kuwahukumu maskini kukaa na mashimo milele. Pingamizi hili lina uzito. Mahali panapofaa bomba, liwekwe. Mradi wa Mbezi Beach, wenye mtambo wa kuchakata na mtandao wake, ni hatua ya kweli kwa Kinondoni, na Vingunguti pametokea jambo la kupendeza zaidi: wakazi walioshirikiana na Kituo cha Miradi ya Jamii, CCI, waliunganishwa na mabwawa yaliyo jirani nao kwa mabomba membamba yaliyolazwa kina kifupi vichochoroni, kwa mfumo unaofanana na ule ulioenea Brasília katika miaka ya 1990. Lakini bomba lina masharti yake. Linahitaji maji ya kutosha kila siku ya kusukuma uchafu, na katika mitaa mingi maji bado huja kwa mgao. Linahitaji mteremko, na tambarare za pwani zinalazimisha vituo vya pampu, ambavyo umeme ukikatika hufurika kwenye chemba za barabarani. Linahitaji njia, na katika makazi yasiyopimwa kila njia ni ukumbi wa mtu. Mji umekuwa ukijenga mabomba ya majitaka tangu enzi za ukoloni na umefika kwa mtu mmoja kati ya kumi. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 pekee watu waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Wakati mabomba yanasubiriwa, mtoto wa Mbagala anacheza kwenye maji ya chooni. Na tope haliondoki mabomba yakija, kwa kuwa kila mtambo huzalisha tope lake. Sehemu za kukaushia tutakazojenga leo kwa ajili ya mashimo zitahitajika na mabwawa kesho.

Pingamizi la pili ni la fedha, kwamba watu wa uswahilini hawatalipa. Hapa utafiti ule wa 2015 unajibu kwa namba. Asilimia 96 ya nyumba zilizohojiwa zilionyesha kuitaka huduma salama ya kunyonya choo, na asilimia 57 zilikuwa tayari kulipa dola 17 za Marekani au zaidi ili kuondolewa lita 200 au zaidi, ujazo wa pipa moja. Watafiti walikuta pia kwamba hata njia chafu si rahisi: vyura wanalipwa, tena vizuri, na familia huahirisha kadiri zinavyoweza. Maskini tayari analipa. Anachokosa ni huduma inayostahili malipo yake, na njia ya kulipa kidogo kidogo. Manila walilitatua kwa tozo ya mazingira iliyowekwa ndani ya bili ya maji, na kwa tozo hiyo kampuni ya maji hupita mtaa kwa mtaa kunyonya makaro kila baada ya miaka mitano hadi saba, bila mwenye nyumba kuitafuta. Durban walikwenda mbali zaidi: manispaa ilijitwika kuyanyonya mashimo takriban 35,000 kwa zamu ya miaka mitano. Hapa kwetu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiyo inayoidhinisha bei za maji, na bili inamfikia mteja kila mwezi kwa simu yake. Chombo cha kukusanyia tunacho tayari. Bado wapo wasio na bili, wanaonunua maji ya kisima cha jirani, na hao wasiachwe. Kwa ajili yao tozo ya wenye bili inapaswa kuwa na fungu la ruzuku, kwa maana kinyesi cha asiyelipa huingia katika kisima kilekile cha anayelipa.

Jibu hilohilo linawahusu wanaosema kwamba shimo ni mali ya mwenye nyumba na ni aibu yake. Lingekuwa lake kama lingebaki kwake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuchafua mazingira, na halmashauri zina sheria ndogo za kumtoza faini anayetapisha. Faini ni halali, lakini faini isiyo na njia mbadala humfundisha mtu kufanya jambo lilelile usiku wa manane wakati wa radi. Kwanza gari lifike na bei ijulikane, ndipo mwenyekiti wa mtaa awe na uso wa kuidai faini.

Kufika kwa gari ni jambo la kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndipo majaribio mengi yalipokwama. Dar es Salaam ilikuwa mwanzilishi: kati ya 1988 na 1992 shirika la Kiholanzi la WASTE lilibuni hapa, pamoja na vijana waliokuwa wakifanya kazi hiyo, pampu ya mkono na tanki la lita 200 vinavyosukumwa kwa magurudumu kupita uchochoroni. Ikaitwa MAPET. Vijana walinyonya bila kuzama shimoni. Baadaye ikaja pampu nyingine ya mkono, Gulper, iliyotumiwa na kikundi cha UMAWA katika Temeke. Pampu zilifanya kazi. Kilichoielemea MAPET ni vipuri na usafiri: tope likishatoka shimoni, nani atalibeba, na hadi wapi? Tanki la lita 200 haliwezi kusukumwa kutoka Mbagala hadi Vingunguti. Lori nalo likilazimika kuvuka mji mzima katika foleni, mafuta na muda vinapandisha bei hadi mteja anarudi kwa mvua, na dereva anashawishika kumwaga mtoni. Umbali ndio adui mkuu wa huduma hii. Ndiyo sababu mtambo mdogo uliojengwa Kigamboni kwa ushirikiano wa shirika la BORDA na UMAWA una maana kubwa kuliko ukubwa wake: ulionyesha kwamba tope linaweza kupokelewa, kuozeshwa, kuchujwa na kukaushwa ndani ya eneo dogo la ardhi, jirani na wanaolizalisha. Kazi ya vijana hao nayo iheshimiwe kwa vitendo. Wapewe leseni, glavu, buti, chanjo na mkataba, kwa kuwa wanaifanya tayari kazi ya afya ya jamii, gizani na bila kinga.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu zaidi, nalo ni la ardhi. Hakuna mtaa unaoomba kuwekewa kituo cha tope, na kiwanja Dar es Salaam kina bei. Ni kweli kwamba mabwawa ni walafi wa ardhi, na mabwawa yaliyojengwa nje ya mji sasa yamezungukwa na nyumba. Lakini harufu inayolalamikiwa mara nyingi hutokana na bwawa lililozidiwa na lisilochotwa tope. Kituo kidogo kilichofunikwa, chenye ukuta, miti na mtu wa kukisimamia, hakinuki kuliko mitaro iliyopo Manzese leo. Ugumu ni kwamba ardhi hiyo inapaswa kutengwa sasa, wakati Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande bado zina nafasi. Tunapopima viwanja vipya tunatenga shule, zahanati, soko na makaburi. Kituo cha tope kiingie katika orodha hiyo na kiwekewe mpaka kwenye ramani kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa. Manzese na Tandale zilijaa bila kutengewa eneo hilo, na ndiyo maana gharama ya kuzihudumia leo ni kubwa.

Hayo yote hayahitaji uvumbuzi. Yanahitaji bajeti inayotenganisha majitaka na majisafi ili ionekane ni kiasi gani kinakwenda wapi, tozo ndogo iliyopitishwa wazi, na ramani yenye vituo. Mkazi wa pembezoni anayelipia maji kila mwezi ana haki ya kumuuliza diwani wake maswali mawili kabla ya masika yajayo: gari linalonyonya vyoo vya kata yetu linamwaga wapi, na kituo kilicho karibu zaidi kitajengwa katika kiwanja gani? Asipopewa jina la mahali, aulize tena katika kikao kinachofuata, na amtake diwani ajibu mbele ya mkutano wa mtaa.